Maswali yenu kuhusu utafiti wa afya za wanawake wakimbizi, nimejibu nane

Haya wapendwa, wiki iliyopita niligusia kidogo tu kwamba niliwahi kuzunguka kambi za Kigoma na dodoso mkononi, kwanza kama mkusanya data, baadae kama msimamizi wa wakusanya data, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu ikawa nzito. Nimechagua hizi, nimezifupisha, majina nimetoa. Najibu kwa ninavyojua mimi, msimamizi wako chuoni akisema tofauti msikilize yeye maana ndo anasaini.

Nasoma masta ya afya ya jamii Dodoma, nataka kupima sonona kwa kina mama wa kambi ya Nyarugusu. PHQ-9 ya Kiswahili, lile dodoso la kupima sonona, ninayo tayari. Naweza kuitumia kama ilivyo?

Unaweza mdogo wangu, utapata namba nzuri tu, shida ni kwamba hutajua ni namba ya nini.

Tuanze na hilo neno sonona. Mi na we tunalijua kwa sababu ya taarifa ya habari na semina. Mama wa Kibembe aliyekimbia Fizi, Kongo, mwaka 1996 na kushushwa Nyarugusu ikiwa bado pori, hilo neno halijui, na Mrundi aliyekuja 2015 ndo kabisa. Watakwambia nina mawazo, nawaza sana, roho inauma, moyo umechoka. Sasa hayo maneno yao ndo mlango wako, ukianza na sonona umeshafunga mlango mwenyewe.

Halafu kuna hili lilinikuta. PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na majibu yana ngazi nne, hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku, unatoa 0 mpaka 3, juu kabisa ni 27 na wengi wanakata kwenye 10, yaani kuanzia hapo mtu anahesabiwa huenda ana sonona. Tafsiri tuliyopewa sisi iliandikwa "zaidi ya nusu ya siku". Isome tena taratibu. Mama mmoja akanijibu, hapana mwanangu, nusu ya siku haifiki, inanishika asubuhi tu mpaka jua lipande, nikishika jembe inaniacha. Anaongelea masaa! Na kila siku inamshika huyo mama, alitakiwa kupata 3, mi nilikuwa nishamwekea 0. Tulikuwa na siku mbili tayari tunahoji, watu wangapi sijui walijibu masaa na wangapi walijibu siku, zile fomu zote zikawa hazina kazi. Na ile tafsiri ilikuwa imepita kila hatua, mtu wa kwanza kaitoa Kiingereza kaipeleka Kiswahili, wa pili kairudisha Kiingereza, vikafanana, kila mtu akafurahi. Ndo ujanja wake huo, ukirudisha neno kwa neno lazima vifanane, hata kama katikati hapo Kiswahili chenyewe kimepinda.

Tulichofanya tulinunua maharage. Maharage 14 kwenye kisahani, kila punje siku moja, mama anasogeza pembeni siku ambazo ile hali ilimshika, unahesabu unaandika. Hakuna tena nusu ya siku wala robo.

Nikuongeze lingine. Swali la usingizi, la uchovu, la hamu ya kula, yote matatu yapo ndani ya PHQ-9. Sasa muulize mtu ambae turubai lake linavuja, ametoka kuni kilomita nyingi na mtoto mgongoni, na mgao wa chakula umepunguzwa. Atakujibu halali usingizi, amechoka kila siku, hali chakula vizuri. Umempa alama 9 bila hata kugusa moyo wake. Kweli anaweza kuwa na sonona, lakini anaweza pia kuwa na paa bovu, na dawa ya paa bovu ni bati. Mi naweka maswali ya ziada pembeni, nini kilikuzuia kulala? Ukija kuchambua unaweza kutenganisha.

Kama una muda (na masta yako usifanye kwa miezi mitatu tafadhali), anza na wiki mbili za kusikiliza kabla ya dodoso lolote. Mtafiti Paul Bolton na wenzake walifanya hivyo Rwanda baada ya mauaji ya 1994, waliwauliza watu kwanza matatizo yenu ni yapi na mnayaitaje, likatoka neno agahinda, yaani huzuni nzito kwa Kinyarwanda, halafu ndo wakaangalia hivyo vipimo vya kizungu vinagusana wapi na agahinda. Ukishatoka hapo chukua kina mama kumi, soma swali, muombe kila mmoja akurudishie kwa maneno yake. Watakuonyesha kasoro zote bure. Hiyo PHQ-9 ya Kiswahili ilishapimwa magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na VVU, ikafanya kazi, sawa, ila mgonjwa wa kliniki kule sio mama wa kwako.

Na swali la tisa, lile la kuwaza kufa au kujidhuru. Kabla hujaliuliza hata mara moja uwe na jina la mtu, mtu kamili mwenye simu inayopatikana, utakayempelekea huyo mama SIKU HIYO HIYO. Kama huna, litoe, baki na PHQ-8, ipo na inakubalika.

Mimi ni mwanaume, naruhusiwa kufanya utafiti huu?

Unaruhusiwa kaka. Ongoza, chambua, andika, nenda kahoji waume zao na wazee wa kijiji maana hao nao wana mengi ya kusema kuhusu nani anaamua mama aende hospitali. Ila kwenye mkeka na yule mama, wawili peke yenu, unamuuliza habari za hedhi, hapo muachie dada.

Mkunga, Kibondo: nina rejista za kliniki ya wajawazito na leba za miaka kadhaa, zimelala tu kabatini. Naweza kuzifanyia utafiti badala ya kwenda nyumba kwa nyumba?

Dada una dhahabu humo, lakini ina udongo mwingi.

Rejista inahesabu waliofika. Aliyejifungulia kwenye turubai usiku akiwa na mama mkwe hayumo, na mara nyingi huyo ndo ulikuwa unamtafuta. Pia inahesabu mahudhurio, mama mmoja kaja mara nne kaandikwa mara nne, usipounganisha kwa namba ya kadi utaona wajawazito elfu wakati ni mia tatu.

Kubwa zaidi ni ile namba ya chini ya mstari, ya kugawanyia. Waliojifungua umewapata, sawa, unagawanya kwa nani? Utasema wakimbizi waliosajiliwa kambini. Haya, wale wanawake wa vijiji vya jirani wanaokuja kujifungulia hospitali ya kambi kwa sababu ni karibu na ni bure, wapo juu ya mstari na chini hawapo. Ukiwachanganya utaripoti kwamba asilimia 110 ya wakimbizi wanajifungulia hospitali, na nimewahi kuona rasimu ya ripoti ya aina hiyo kwa macho yangu, mtu kaiprinti kabisa na kuifunga springi. Angalia safu ya anuani, tenganisha.

Na kambi haitulii. Warundi walianza kurudishwa kwa hiari Septemba 2017, watu wakawa wanatoka, halafu kambi ya Mtendeli ikafungwa 2021 wakahamishiwa kambi ya Nduta. Mtu anayechora grafu ofisini ataona Nduta uzazi umepaa ghafla ataanza kutafuta sababu za kitaalamu. Sababu ni mabasi.

Kwenye vifo vya uzazi hapo ndo nakuomba usikimbilie kiwango. Tuseme kambi ina uzazi 4,000 kwa mwaka na vifo ni 300 kwa kila vizazi hai 100,000, maana yake ni vifo 12. Mwaka unaofuata vikiwa 8 watu watapiga makofi, vikiwa 16 watafukuzana kazi, na huenda hakuna kilichobadilika zaidi ya bahati. Kwa idadi ndogo hivyo chukua kila kifo kimoja kimoja. Kaa na ndugu wa marehemu, fuata vile vichelewesho vitatu walivyovipanga watafiti Thaddeus na Maine 1994, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Saa ngapi uchungu ulianza, nani alisema tusubiri kwanza, gari la wagonjwa lilipigiwa saa ngapi, lilikuja saa ngapi, damu ilikuwepo? Vifo 12 vikifuatiliwa hivyo vinasema mengi kuliko grafu, na wewe mkunga utayaelewa majibu kuliko mtafiti wa kutoka mjini. Ila mjiandae, cha tatu kinawahusu nyie wenyewe, na watu hawapendi.

Nataka kuuliza kuhusu ukatili wa waume majumbani. Kamati ya maadili imenirudishia proposali mara mbili. Wanataka nini?

Wanataka kujua mama atalala wapi usiku baada ya wewe kuondoka. Hilo tu, mengine yote yanatokana na hapo.

WHO walitoa mwongozo 2001 kwa ajili ya utafiti wa ukatili wa majumbani na mwingine 2007 kwa ajili ya ukatili wa kingono kwenye maeneo ya dharura, itafute yote miwili uisome yote, sio mirefu. Nikufupishie yale yanayowarudisha watu wengi. Kila nyumba unahoji mwanamke mmoja tu, ili mwingine asijue mwenzake kaulizwa nini. Utafiti huko nje unaitwa "afya na maisha ya kina mama", neno ukatili analisikia yeye peke yake wakati wa kuomba ridhaa. Huduma ya rufaa iwe ipo na umeitembelea, sio umeiona kwenye brosha. Wahojiwa wasiombwe saini kama karatasi yenye saini inaweza kuwaponza, ridhaa ya mdomo inatosha kamati ikikubali.

Halafu faragha. Mwenzangu, kwenye kambi faragha ni neno tu. Ukuta ni turubai, jirani akikohoa unamwambia pole. Sisi tulikuwa na karatasi ya pili, maswali ya lishe ya mtoto. Siku moja niko katikati ya intavyuu nzito kabisa, mama kainamisha kichwa anakwaruza mkeka kwa ukucha, mara shemeji yake kainua pazia kaingia bila hodi kaketi. Nikageuza karatasi nikauliza, na uji, unamchanganyia nini? Mama bila kusita akajibu, karanga nikizipata. Tukaongea uji dakika kumi mpaka shemeji akachoka akaondoka. Tulifanya mazoezi ya hiyo kitu kwenye mafunzo na wakusanya data wakacheka, siku hiyo sikucheka.

Kuhusu nani ahoji, wasichana wa kambini wanaaminika na wanajua lugha, lakini wanajuana na kila mtu. Nyarugusu imegawanywa zoni na vijiji, sisi tulimpeleka kila mmoja zoni ambayo haishi, na mhojiwa alikuwa na haki ya kumkataa bila kusema sababu. Na hao wasichana wapeni nafasi ya kuongea kila jioni, wengi wanayosikia yamewapata na wao.

Ukipata idadi ndogo usiandike ukatili uko chini. Andika wangapi walikwambia.

Niko Nairobi. Wakimbizi wanawake wa mjini nitawapataje, wengine hawana karatasi na hawapo kwenye orodha yoyote?

Hakuna orodha, basi tumia minyororo. Kuna njia mtafiti Douglas Heckathorn aliitoa 1997, unaanza na wanawake wachache, kila mmoja unampa kuponi kama tatu hivi awape anaowafahamu, akija mtu na kuponi anahojiwa anapewa na yeye tatu. Sio ile ya kuuliza tu nani mwingine unamjua, hapa unaandika kila mtu anafahamiana na wangapi ili hesabu zije zisahihishwe, maana mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa ya kuokotwa.

Tatizo ni mnyororo unaogoma kuvuka ukuta. Mtaa wa Eastleigh ukianza na Wasomali watakuletea Wasomali, Mu-Oromo wa Ethiopia anaishi ghorofa hiyo hiyo na hatatokea. Anza na mbegu, yaani wale wanawake wa kuanzia, kutoka kila kundi. Na yule binti anayefanya kazi za ndani analala jikoni kwa watu, mnyororo haumfikii kirahisi kwa sababu hana anayemjua, huyo umfuate msikitini, kanisani, au kwa anayemsuka nywele. Majina usiandike popote, hata kwenye daftari lako la pembeni, polisi hawahitaji kibali cha maadili kulisoma.

Mimi Mkenya niko Louisville, Kentucky, ni mkalimani kwenye utafiti wa chuo kuhusu wanawake wa Kongo na kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi. Tunaongea Kiswahili wote lakini nahisi kuna vitu vinanipita.

Vinakupita ndugu yangu. Mfano mmoja tu. Mama wa Bukavu au Uvira akisema "nilienda kwa munganga" anamaanisha daktari, mwenye koti jeupe. Wewe ukisikia mganga unatafsiri mganga wa kienyeji, kwenye ripoti inaandikwa wanawake wa Kongo wanapendelea tiba za asili, mkutano mzima unatikisa vichwa. Kumbe mama wa watu alienda hospitali.

Omba timu imuajiri mwanamke wa Kivu asome maswali kabla, kwa malipo, sio kwa hisani. Chora mfuko wa uzazi kwenye karatasi uonyeshe kipimo kinagusa wapi, maana "kizazi" peke yake mtu anaelewa uwezo wake wa kuzaa na anaogopa mnataka kuutoa. Na kama nyinyi mnasali kanisa moja naye, mwambie mapema ana haki ya kuomba mkalimani wa kwenye simu asiyemjua.

Mimi niko Nyarugusu toka nikiwa mutoto. Kila mwaka banakuja na tableti, banauliza maswali ile ile, banaenda. Sisi tunapata nini? Na nikikatala, jina yangu itatoka kwenye mgao?

Mama yangu, naanza na la pili. Hapana. Ukikataa jina lako halitoki kwenye mgao, hospitali hawakunyimi dawa, kesi yako ya kupelekwa nchi nyingine haisogei mbele wala nyuma. Unaweza kukataa mwanzoni, unaweza kuacha katikati, unaweza kuruka swali. Anayekuhoji anatakiwa akwambie hayo kabla hujafungua mdomo, asipokwambia muulize wewe, na akileta ukali achana nae.

Nasema hivi kwa sababu najua watu wanavyotuelewa. Nilishawahi kukuta mama amevaa kitenge chake kizuri, ana bahasha ya kaki, ndani ana karatasi zote tangu siku ya kusajiliwa, akanipa kwa mikono miwili. Alidhani mimi ndo wa kupeleka watu Amerika. Nilimweleza mara tatu kwamba mimi ni wa maswali tu, akasema sawa, na akajibu kila kitu kwa makini kama yuko mahakamani. Mpaka leo sijui kama ile ridhaa ilikuwa ridhaa.

Hilo la mnapata nini, kwa utafiti mwingi jibu la ukweli ni kidogo sana na una haki ya kukasirika. Maswali ni yale yale kwa sababu kila mradi unataka data yake wenyewe, hawasomani. Sio wote lakini. Uganda, kambi ya Rhino, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mafunzo ya kupunguza msongo, yanaitwa Self-Help Plus, vikao vitano, sauti imerekodiwa, wanaoendesha sio wataalamu ni watu wa kawaida waliofundishwa. Vijiji 14 viligawanywa kwa bahati nasibu, kijiji kizima kinapata au hakipati, kwa sababu wanawake wakitoka kwenye kikao wanawasimulia majirani na hiyo ni sawa kabisa. Matokeo yalitoka 2020, dhiki ilipungua. Hapo hapo Nyarugusu kwenu kulikuwa na utafiti ulioitwa Nguvu, na wanawake wa Kikongo waliopigwa na wenza wao, kupitia vikundi vyao vya kina mama ambavyo tayari vilikuwepo. Pale mwanamke anaingia kwenye utafiti na kuna kitu anakaa nacho mkononi hata data zikishaondoka.

Dai kurudishiwa matokeo. Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Tuliandika kwenye rasimu kwamba wajawazito wanachelewa kuanza kliniki kwa sababu ya "uelewa mdogo". Tukarudi kambini na karatasi za manila, tumechora, tunawasomea. Kina mama wakaangaliana, wakaanza kucheka, si cheko la furaha. Mmoja akasimama akasema, kliniki ya kwanza mnatuambia tuje na mume apimwe na yeye, mume wangu alirudi Burundi mwaka juzi, nimlete nani, nikodi? Mwingine akasema yeye anasubiri tumbo liwe kubwa kabisa ndo anaenda, wakimwona vile hawawezi kumrudisha. Wanajua kila kitu kuhusu kliniki, hadi udhaifu wa nesi wa zamu. Tulikuwa na dodoso la kurasa 22 na hakuna sehemu tuliuliza mume yuko wapi. Tulifuta ile sentensi, na ilibidi tuombe wiki sita za nyongeza kwa mfadhili ambae hakuelewa kwanini.

Nampa mshiriki shilingi ngapi?

Uliza wafanyakazi wa kambi na kamati ya maadili kiwango kilichopo, usipande dau maana utawaharibia wenzako na mtu atashindwa kukataa. Wengi wanatoa sabuni. Sisi tulitoa vipande viwili vya sabuni ya mche kwenye mfuko mweusi, mfuko mweusi kwa makusudi ili barabarani mama asionekane ametoka kwenye intavyuu, siku ya tatu watoto walikuwa wanaimba mfuko mweusi mfuko mweusi kila tukipita. Tukahamia kumpelekea sabuni pale kwenye foleni ya maji pamoja na wengine wote.